Mita Nane na Nusu za Mtera

Mgeni akifika mwaloni huuliza viboko wako wapi. Mimi huuliza kwanza bwawa limesimama kwenye mita ngapi. Jibu la swali lake limo ndani ya jibu la swali langu.

Nabeba wageni kwa boti kwenye Bwawa la Mtera, upande wa Migoli, mkoani Iringa. Wengi wanatoka Iringa mjini na Dodoma: familia siku za Jumapili, wanafunzi, watu wa kutazama ndege, na wasafiri wa barabara kuu ipitayo juu ya ukuta wa bwawa, ambao husimama kula perege wa kukaanga kisha wakatamani kuingia majini kwa saa moja. Bwawa halikujengwa kwa ajili yao wala kwa ajili yangu. Lilijengwa kutunza maji ya Mto Ruaha Mkuu yasipotee wakati wa mvua, ili mitambo ya Kidatu huko chini ipate maji kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza mwaka 1988. Kidatu ina megawati 204. Anayefanya matembezi hapa anatembea juu ya akiba ya umeme wa nchi, na lazima alijue hilo kabla hajapanda boti.

Mtu wa huku akisema "Mtera iko 694", anahesabu mita kutoka usawa wa bahari. Bwawa likijaa kabisa ni 698.5. Likishuka hadi 690, limefika mpaka wa chini uliowekwa kwa kuzalisha umeme. Katikati pana mita nane na nusu, na maisha yetu yote yanapanda na kushuka humo. Bwawa lililobanwa kwenye korongo jembamba likipungua kiasi hicho, utaona tu alama ya unyevu kwenye mawe. Mtera ni tambarare. Likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 600, ilhali kina chake cha wastani hakifiki mita 10. Maji yakipungua mita moja, ufuko unakukimbia. Pale ulipofunga boti mwezi Juni, ukirudi Novemba unakuta mtu kapanda mahindi na maboga, na kati ya shamba lake na maji pana tope linalomeza mguu hadi gotini. Mtoto wa mjini akiliona hudhani ni mchanga wa kuchezea. Hapo ndipo sauti yangu hupanda.

Nilizaliwa Chunya, enzi wilaya yetu ilipokuwa bado inafika Ziwa Rukwa, kabla Wilaya ya Songwe haijakatwa. Rukwa nalo lina kina kifupi, na kwa kuwa hakuna mto unaotoka humo, hujaa na kupungua jinsi mvua na jua vinavyotaka. Wazee walionifundisha kushika upondo walisoma matete na mawingu, wakajua wasogeze kambi lini. Maarifa hayo nilikuja nayo Mtera, nikaona yanafika nusu ya njia tu. Hapa kuna mkono wa mtu. Mawingu yanaweza kuwa mazuri na maji yakashuka, kwa sababu nchi inahitaji umeme.

Lililonishughulisha zaidi katika kazi hii ni visiki. Bonde lilipofunikwa maji, miti mingi iliachwa imesimama, ikafa hapo hapo, na mingine ipo hadi leo. Ndege wanaipenda, na wapiga picha wanawapenda ndege. Wageni hudhani hatari ni maji yakiwa mengi. Yakiwa mengi, boti inapita juu ya visiki bila kuvigusa. Yakiwa machache, vyote viko nje na unavikwepa kwa macho. Yanayotisha ni maji ya katikati, yanapofunika kichwa cha kisiki kwa kiganja kimoja tu. Uso wa maji umetulia, injini inanguruma, na chini yake kuna mti mgumu uliochongoka unaosubiri ubavu wa boti. Ndiyo maana tarakimu ya jana hainitoshi. Tofauti ya nusu mita inabadili njia nzima ya kuwapeleka watu kwa viboko. Nao viboko huhama: maji yakipungua hurudi kwenye mikondo ya zamani ya mto, yenye kina, wakasongamana na kuwa wakali. Mamba vilevile.

Kwa kawaida maji hupanda kuanzia mvua za Desemba, yakafika juu mwishoni mwa mvua, kisha yakashuka hadi mvua nyingine. Jua pekee huku linaweza kukausha kina cha karibu mita mbili kwa mwaka. Kinacholijaza bwawa hutoka mbali: Ruaha Mdogo kutoka Iringa, Kisigo kutoka magharibi, na Ruaha Mkuu, ambao kwanza hupitia Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na kinamasi cha Ihefu. Tangu 1993 mto huo hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sina ugomvi na mkulima wa Mbarali, huko Usangu. Wali wake ndio tunaoulia samaki wetu. Lakini watu wa Usangu na wa Mtera wanakunywa mto mmoja. Mwaka 2006 bwawa lilishuka chini ya 690 na nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa umeme. Redio ilizungumzia viwanda na taa. Mwaloni hakuna aliyetuuliza boti tumezivuta wapi.

Sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, limeanza kazi, na maji ya Mtera yakishapita Kidatu huishia huko. Tone moja linazungusha mitambo mara tatu. Wapo wanaosema Mtera sasa itapumua. Mimi nadhani maji yetu yamepata thamani zaidi, kwa hiyo kuyafungulia na kuyazuia kutaendelea kuamuliwa mbali na sisi, na hilo nalikubali.

Ombi langu ni dogo. Wanaoendesha mitambo wanaujua usawa wa maji kila asubuhi. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo hapo hapo Iringa. Liwekwe bango kwenye kila mwalo, Migoli, Izazi na upande wa pili Mpwapwa, liandikwe mita za leo na za wiki iliyopita, na wiki ya kufungua mageti itajwe mapema. Mkulima wa ufukoni ajue kama mahindi yake yatakomaa kabla maji hayajarudi. Mvuvi ajue pa kutega. Nami, maji yakiwa ya katikati, nizime injini mapema, nishike upondo, niwaambie wageni kwamba leo tutakwenda taratibu na hatutafika mbali.