Mifupa Ina Wenyewe

Nilipokuwa msichana Kisumu, mifupa ya kale kwangu ilikuwa fahari ya mbali. Shuleni tulisimuliwa habari za fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, ambalo Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948, nami nikaazimia kusomea akiolojia. Nilitamani kufukua kitu cha mamilioni ya miaka, kisicho na jina wala jamaa wa kukidai.

Chuoni nikavutwa na mabaki ya binadamu. Nilijifunza kukadiria umri kwa meno na kumtambua mwanamke kwa upana wa nyonga. Nilistaajabu kuona mfupa mkavu ukieleza njaa, ugonjwa na mizigo aliyobeba mwenyewe. Umri, jinsia, kimo: nikishajaza hayo, kazi niliiona imekwisha.

Kesi ya S.M. Otieno ndiyo iliyonifungua macho. Wakubwa waliisimulia nyumbani tangu utoto wangu, lakini sasa niliisoma kwa jicho la kazi. Wakili huyo alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasisitiza azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, hadi mahakama ikaupa ukoo ushindi naye akazikwa Mei 1987. Atakayelifukua kaburi lile baada ya miaka 1,000 atamwona mwanamume aliyelazwa kwao. Hoja za Wambui hatazikuta udongoni.

Hapo nikaanza kuuliza habari za waliokosekana. Kwa mila ya Wajaluo, mume huzikwa kulia kwa nyumba na mke kushoto, ila binti mkubwa aliyefariki bila kuolewa huzikwa nje ya ua. Mtafiti akichimba ndani ya boma peke yake hatampata, na anaweza kuandika kwamba wanawake walikuwa wachache. Upungufu huo utakuwa umetoka kwenye mipaka ya shimo lake.

Vigae navyo nikavitazama upya. Ingrid Herbich, aliyewatafiti wafinyanzi wa Kijaluo, alionyesha kwamba wanawake wengi hujifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, wakifundishwa na mama mkwe. Nakshi za chungu hufuata nyumba ya ndoa, wala hazifuati damu. Kwa hiyo siwezi tena kuokota kigae kando ya ziwa nikakitangazia kabila mara moja.

Makavazi ya Kisumu yana boma la mfano, Ber-gi-dala, lenye nyumba za wake watatu wa mume mmoja na ya kifungua mimba wake wa kiume. Nalipenda boma hilo. Natamani humo isimuliwe pia habari ya mjane, ya tasa, ya binti aliyezikwa nje ya ua, ya mlemavu, kwani wote hao waliishi bomani.

Siku hizi, kabla ya jembe kugusa ardhi, naomba kikao na wanawake peke yao, mbali na baraza la chifu. Wao ndio huniambia nani alilazwa wapi na kwa nini. Wakisema kaburi fulani lisiguswe, haliguswi. Utafiti unaoomba ruhusa hupata mashahidi ambao jembe lisingewafikia kamwe.