Nitolee Picha Lenyewe Tu

Ukifungua DVD ya sinema kwenye kompyuta, sinema huioni. Unakuta folda ya VIDEO_TS, na humo mlolongo wa mafaili ya VOB, kila moja halizidi gigabaiti 1, pamoja na vifaili vya IFO vinavyoielekeza deki ianze na kipi na iishie wapi. Menyu imo humohumo, matrela yamo, mahojiano na mwongozaji yamo. Katikati ya miaka ya 2000, kwenye kibanda cha kuchoma CD pale Magomeni, kazi yangu ilikuwa kuuchambua mrundikano huo. "Bro, nitolee picha lenyewe tu," wateja walisema. Walitaka faili moja la AVI lisilozidi megabaiti 700, lienee kwenye CD moja.

Kaka aliyenipokea kazini alikuwa na kauli yake: usiangalie ukubwa, angalia muda. Wengi walizoa VOB nzitonzito na kuziunganisha, wakiiacha ile inayoishia na 0 maana hiyo ni menyu. Mara nyingi ilikubali. Ila kwa zile diski za Kichina, Van Damme kibao ndani ya kava moja, uliishia na sinema tatu zilizogandana. Dawa ilikuwa DVD Decrypter. Unaiweka kwenye hali ya IFO, orodha ya taito, yaani video mojamoja zilizomo kwenye diski, inakuja na saa na dakika, unachukua yenye saa 1 na dakika 40, unaziacha za dakika 3. Programu hiyo ilifungua na kufuli ya CSS. Ukinakili VOB hivihivi kutoka diski orijino, picha ilitoka vipandevipande vya kijani na waridi. Kijana wa Norway, Jon Johansen, alishtakiwa kwa kuivunja kufuli hiyo, mahakama ikamwachia mwaka 2003. Sisi hatukuwa na habari naye. Sheria ya hakimiliki ya 1999 nayo tulikuwa nayo Tanzania, ila pale kibandani hakuna aliyeitaja.

Jasho lilikuwa kwenye kubana. Gigabaiti 5 au 6 zishuke hadi 700 za mega, kwa raundi mbili: ya kwanza kompyuta inaipitia sinema nzima kujua penye purukushani ni wapi, ya pili inaandika, ikiyapa mapigano biti nyingi na kuwapunja watu waliokaa wanaongea. Kwa Pentium 4 ni kazi ya kulaza usiku. Mwaka 2006, wakati wa mgawo, umeme ulikatika raundi ya pili ikielekea ukingoni, na asubuhi mteja yuko mlangoni.

Kisha tukaipata HandBrake, ambayo Eric Petit aliianzisha mwaka 2003. Hii inaikagua diski yenyewe na kukuchagulia taito ndefu kuliko zote. Ujuzi niliokuwa nalipwa ukawa kitufe. Nikafurahi kiasi, maana baadhi ya watengeneza diski walikuja na ujanja wao: taito bandia kwa makumi, muda uleule, vipande vimepangwa shaghalabaghala. Hapo kitufe hakisaidii. Unaicheza diski kama mtazamaji wa kawaida, picha ikianza unachungulia inacheza taito namba ngapi, ndiyo unayoitoa.

Siku hizi sinema zinakuja tayari kwenye flashi. Diski zinazonifikia ni za harusi. Majuzi mama mmoja kaniletea ya kwake: "Mwanangu, nataka pale baba anapotoa nasaha, niwatumie watoto WhatsApp." Kwa HandBrake taito kuu ni ile ya saa tatu, foleni ya zawadi na MC anayepiga kelele. Huyu mama picha lake ni dakika chache mle katikati. Programu inaruhusu kuchagua sura, yaani vipande vya taito, ila aliyeichoma diski hiyo aliiacha mashine ijikatie sura kila baada ya dakika 5, basi nasaha zimeanzia katikati ya sura moja na kuishia katikati ya nyingine. Nimemtolea sura zote mbili kwanza, kisha nikakata kwa sikio, kuanzia baba anapokohoa na kushika maiki.