Njia za Wasafiri katika Nchi ya Peru

Nikiwaonyesha wanafunzi ramani ya Amerika ya Kusini, hawakosi kuniuliza mgeni aendaye kuitazama nchi ya Peru husafiri kwa chombo gani. Mimi sijafika huko. Lakini nafundisha jiografia, nami nimesoma habari zake miaka mingi. Jawabu si moja, maana Peru ni kama nchi tatu zilizounganishwa. Magharibi, kando ya bahari ya Pasifiki, ni jangwa. Katikati imesimama milima ya Andes. Mashariki ni msitu mkubwa wa mto Amazon. Chombo kifaacho hapa hakifai kule.

Habari za msitu ni fupi. Mji wa Iquitos, ujapokuwa mkubwa, hauna barabara iuunganishayo na miji mikubwa mingine ya nchi. Mgeni hufika kwa ndege, au kwa meli ya mtoni, amefunga wavu wake wa kulalia kati ya abiria na magunia, akasafiri hivyo siku kadha wa kadha.

Milimani ndiko kwenye mambo. Wageni wengi huanzia Lima, mji mkuu, ulio pwani, wakitaka kwenda Cusco, mji wa kale wa wafalme wa Inka. Ndege huwafikisha kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Motokaa kubwa ya abiria huchukua mchana kutwa na usiku kucha, kwa kuwa barabara yapanda, yashuka, na kuzunguka magenge. Lakini asemaye kwamba ndege ni bora na asikie neno hili kwanza. Cusco ina kimo cha meta 3,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu aliyetoka pwani asubuhi huweza kuumwa kichwa, hata kutapika, na akipanda ngazi chache hutweta kama mzee. Hana budi kupumzika siku moja au mbili. Kama ningepewa nauli, ningepita Arequipa, mji ulio kati ya pwani na Cusco kwa kimo, nikakaa huko siku chache mwili upate kuzoea, ndipo nipande juu.

Toka Arequipa ningefika ziwa Titicaca, lililo mpakani mwa Peru na Bolivia, kwa kimo cha meta 3,812. Siku hizi mashua za mashine huwapeleka wageni kwenye visiwa vya Wauros, vilivyofanyizwa kwa matete na kuelea majini. Mimi hupenda zaidi habari za meli Yavari. Iliundwa Uingereza mwaka 1862 pamoja na mwenzake Yapura, zikaletwa zimefunguliwa vipande zaidi ya elfu mbili, na nyumbu wakavichukua kupanda milima. Yavari haikushushwa majini hata mwaka 1870! Nasi tunayo meli Liemba katika ziwa Tanganyika, iliyoletwa kwa vipande toka Ujerumani ikashushwa majini mwaka 1915.

Tena uko mji ulioachwa wa Machu Picchu, ambao kwa ajili yake wageni wengi huenda Peru. Motokaa kutoka Cusco haziwezi kufika hata chini ya mlima huo. Wageni wengi hupanda gari la moshi lifuatalo bonde la mto Urubamba, kisha motokaa za pale chini huwapandisha watu kwa barabara yenye kona nyingi.

Wengine huchagua kwenda kwa miguu kwa njia ya kale ya Wainka, siku nne, wakivuka kilele kipitacho meta 4,200. Serikali huruhusu watu 500 tu kwa siku, pamoja na viongozi na wapagazi, na mwezi wa Februari njia hufungwa. Wapagazi wengi ni wakulima Waquechua. Hubeba mahema, vyungu na chakula, huwapita wageni njiani, nao wakifika hukuta chakula kimekwisha kupikwa. Sheria yasema mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 20; hata hivyo wapagazi wamelalamika mara nyingi kwamba mizigo yao hupita kipimo.

Mimi nimezaliwa chini ya mlima Kilimanjaro, na mjomba wangu alikuwa mpagazi wa wageni. Bega lake la kuume limeinama hata leo. Lakini karo yangu ya shule ilitoka katika bega lile. Kwa hiyo siwezi kuwaambia wageni waache kwenda kwa miguu. Nawaambia wamwulize mwenye safari, kabla ya kumlipa, mizigo itapimwa wapi, na wapagazi watalala wapi mvua ikinyesha.