Kuvu Isiyo Adui: Nyanya katika Udongo wa Kalobeyei

Neno kuvu halina sifa njema katika Kiswahili. Mkate ulioota kuvu hutupwa, mahindi yenye kuvu huua, na mkulima wa nyanya akiona majani yamepigwa na ukungu hukimbilia dawa. Si ajabu basi kwamba anayeambiwa kuwa iko kuvu ya kutunzwa ardhini hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini iko, na miongoni mwa wanaoihitaji zaidi ni wakulima wa Kalobeyei.

Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016, jirani na kambi ya Kakuma katika Kaunti ya Turkana, kwa nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji pamoja wapate kujitegemea badala ya kungoja mgao. Ndiyo maana bustani zikachimbwa pale, nyingine zikishushwa chini ya usawa wa ardhi ili tone la maji lisipotee. Mgao wenyewe ulipopunguzwa mno mwaka 2025 kwa uhaba wa fedha, bustani hizo hazikuwa tena pambo la ripoti za miradi. Nyanya, ambayo Mrundi huiita itomati na Mkenya hukosa mchuzi bila hiyo, haikosi mnunuzi.

Tatizo ni udongo. Fosforasi imo, ila katika ardhi ya magadi na chokaa hushikamana na kalisi, mzizi usiipate. Mbolea ya dukani ndiyo jibu lililozoeleka. Lakini mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 nchini Kenya, na sehemu kubwa ya fosforasi yake hufungwa udongoni vivyo hivyo.

Hapo ndipo kuvu huingia. Mjerumani Albert Bernhard Frank, akichunguza mizizi ya miti, aliupa ushirika huu jina mwaka 1885 kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, la kuvu na la mzizi. Kiswahili nacho chaweza kusema kuvumzizi bila ya kuazima kitu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huingia ndani ya mzizi wa mnyanya kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili husambaa udongoni sentimita kadhaa kupita pale mzizi unapofika. Huleta fosforasi na zinki, nazo hulipwa sukari iliyotengenezwa na majani. Ni chanda na pete, ingawa pete hii hulipiwa kodi. Mmea ulioshibishwa mbolea ya fosforasi huacha kulipa, na kuvu ikafifia. Kwa hiyo mbolea hupunguzwa, haiondolewi. Nitrojeni bado yatakiwa, na samadi ya mbuzi wa Waturkana haiko mbali.

Kuipata ndiko kwenye kazi. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulipima bidhaa nyingi za namna hii zilizokuwa zikiuzwa, na ni chache tu zilizoonyesha faida. Njia ya subira ni kuchukua udongo wenye vijizizi chini ya migunga na nyasi za porini, kuutia vyunguni, kupanda mtama humo kwa miezi mitatu au minne, kisha kuukata na kuacha chungu kikauke. Udongo huo pamoja na mizizi iliyokatwakatwa ndiyo mbegu ya kuvu. Hutiwa shimoni wakati wa kupandikiza, ugusane na mzizi wa mche. Usitolewe kamwe penye nyanya zilizonyauka, kwani ugonjwa nao husafiri.

Jambo moja husahauliwa mno. Sukuma wiki na kabichi hazishirikiani na kuvu hii, na mchicha kwa kawaida ni hivyo hivyo. Bustani yenye mboga hizo msimu baada ya msimu huiacha kuvu bila ya mwenyeji, neno lenye uzito wake Kalobeyei. Kunde na mtama huilisha. Anayetaka nyanya msimu ujao atangulize kunde, wala asilipindue kila mara tuta lake, maana nyuzi zilizokatwa na jembe hazina budi kuanza upya.