Kupumzika Nako ni Kazi

Sisi watu wa pwani tunasifu jasho. Mtu mzima akilala mchana bila ugonjwa huitwa mvivu. Ndiyo maana lipo agizo la hospitali ambalo kwetu huwa gumu kuliko sindano: usifanye kazi ya nguvu.

Mvuvi mmoja, jirani yangu hapa Bagamoyo, aliandikiwa kipimo cha PET, akaambiwa apumzike siku nzima kabla ya kwenda. Akanijia: "Mwalimu, ugonjwa uko tumboni, kuvuta nyavu kunahusiana nini nao? Na watoto wale nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nikamweleza kwamba mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, kisha mashine hutazama imekwenda wapi. Uvimbe wa saratani aghalabu hula sukari nyingi, hivyo hung'aa pichani. Lakini msuli uliofanya kazi nao una njaa. Ukivuta nyavu leo, kesho mabega yatainyakua sukari ile, na daktari ataona mwanga pasipo na ugonjwa, huku penye ugonjwa pakipata pungufu. Hata baada ya sindano mtu hukalishwa kimya muda wa saa moja hivi. Wala hakuna kungoja mno, maana mionzi ya fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110.

Ajabu ni kwamba kipimo cha moyo huweza kutaka kinyume chake. Mgonjwa hutembezwa kwa kasi juu ya mkanda unaozunguka, na dawa ya teknetiamu hudungwa jasho likimtoka. Mishipa yenye afya hupitisha damu nyingi zaidi. Uliobanwa hushindwa, na sehemu yake ya moyo huonekana hafifu.

Mwili, basi, hugawa riziki kwa kumtazama anayefanya kazi. George de Hevesy, aliyepewa Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 kwa kufuatilia chembe za mionzi, ndiye aliyetufungulia njia ya kuuona mgao huo.

Lakini elimu peke yake haijazi sufuria. Jirani yangu alipumzika kwa sababu mbili: alielewa, na wenzake wa chomboni walimtengea fungu lake la samaki. Agizo la tabibu lisemwe pamoja na sababu yake. Na sisi majirani tukumbuke kwamba pumziko la maskini lina gharama, na gharama hiyo hubebeka tukigawana.