Kiingereza cha Duka la Dawa Baridi

Pale Magamba, pembeni mwa mji wa Mpanda, palikuwa na duka la dawa baridi ambalo leo halina hata msingi. Pamejengwa kibanda cha chipsi. Kijana anayekaanga hapo, mhitimu wa kidato cha nne, aliombwa majuzi na mteja amsomee maandishi ya nyuma ya boksi la vidonge. Aligeuza boksi huku na huku, akatoa simu, akapiga picha, akasubiri mtandao. Mtandao ukagoma. "Mama, we kunywa tu viwili viwili," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Mteja yule ni mwalimu wa Kiingereza. Hakuwa akimtega mtu. Alisahau miwani nyumbani. Lakini jibu lile lilimkera akalala nalo, kwa sababu mahali palepale, yapata miaka arobaini nyuma, mtoto wa darasa la tano hakuruhusiwa kuondoka na dawa kabla ya kusoma kwa sauti angalau mstari mmoja wa maandishi yake.

Duka lilifunguliwa lini hasa? Mwalimu anasema 1984. Dada yake anashikilia 1986, maana ndio mwaka alioungua mguu kwa uji akapakwa dawa pale. Kwenye sanduku la mama yao imepatikana stakabadhi ya 1985, ila hiyo ni ya mafuta ya taa. Iwe vyovyote, ni miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, na kila aliyeipitia anaijua bila kutajiwa tarehe.

Mwenye duka aliitwa Daktari na watu wote, ingawa hakuwahi kuwa daktari. Alikuwa dresa. Mwenyewe alisimulia kwamba alisafisha vidonda vya wachimbaji enzi za mgodi wa risasi, kabla ya uhuru. Mpanda yenyewe ni mji uliokuzwa na mgodi huo: kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba, reli ikaletwa kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, ili kuubeba mzigo, na mgodi ulipofungwa reli ikabaki na watu wake. Dresa naye alibaki. Alichotoka nacho mgodini ni Kiingereza cha lebo, tabia ya kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, na imani kwamba mtu asiyejua anachokunywa bora asinywe.

Harufu ya duka ilimpokea mtu angali barazani. Dettol kwanza, kisha sabuni ya mche, kisha uchungu wa klorokwini, dawa ya malaria, ambao ulikwama kooni hata kwa mtu asiyeumwa. Ndani mlikuwa na kiza cha kupendeza. Rafu ya juu ilikuwa na chupa za dawa ya kikohozi, ya kati ilikuwa na Panadol na Cafenol, ya chini bandeji na GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo ilichafua kaunta, ukuta, vidole vya Daktari na mdomo wa kila mtoto mwenye utando. Juu ya mlango alibandika vipande vya maboksi vilivyokatwa vizuri kwa mkasi, kila kimoja na sentensi yake ya Kiingereza. Wageni walidhani ni mapambo.

Hayakuwa mapambo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, binti. Umetumwa nini?"

"Dawa ya kikohozi ya mdogo wangu."

Angeshusha chupa, lakini asingeitoa mkononi. Angeielekeza kwenye mwanga wa mlango na kuweka ukucha chini ya mstari wa kwanza. "Soma." Mtoto angesoma neno la kwanza kwa matamshi ya Kiswahili, sha-ke, na Daktari bila kucheka angelirudia vizuri, "Shake well before use," huku akiitikisa chupa mpaka povu lipande shingoni. Kisha mtoto aitikise mwenyewe. Kisha aseme tena. "Haya, nenda. Ukifika nyumbani mwambie mama yako ulichosoma, usimwambie nilichosema mimi."

Mstari uliofuata ulikuwa unawachekesha wakubwa waliosimama nyuma: mtoto wa miaka kumi na mmoja, chupa mkononi, akisoma kwa bidii kwamba dawa ile iwekwe mbali na watoto. Na ule wa kuhifadhi dawa mahali pakavu penye ubaridi, Daktari aliusoma yeye mwenyewe kila mwezi wa Oktoba, akitazama bati la duka lake, halafu akahamisha chupa zote sakafuni.

Alikuwa na mbinu moja ambayo mwalimu wetu hakuijua jina mpaka alipofika chuo cha ualimu. Mtoto akishazoea mstari, Daktari aliziba neno moja kwa kidole gumba. "Take two tablets three times a day after..." Kidole kimekaa. Mtoto akisie. Akisema chakula kwa Kiswahili, kidole hakiondoki. Aliyekwama aliulizwa swali jingine: "Ukimeza klorokwini tumbo tupu unajisikiaje?" Kichefuchefu kilikumbukwa, na neno likaja. Chuoni walimwita mwanafunzi anayefanya hivyo msomaji anayetumia muktadha. Magamba walimwita mtoto aliyetumwa dukani.

Ukiichunguza ile sentensi moja ya vidonge viwili kutwa mara tatu baada ya kula, ina kitenzi cha amri, idadi, wingi, wakati na kihusishi. Ni fupi, inajirudia kila boksi, na kosa lake linaumiza. Shuleni mambo hayohayo yalichukua mihula kadhaa, yakibebwa na kalamu, dirisha na mtu asiyejulikana anayekwenda sokoni kila siku. Kamusi ilikuwa moja, ile ya Johnson ya 1939, ikikaa kabatini ofisini, na aliyeihitaji alipaswa kwanza aeleze kwa nini.

Wala watu wasidhani kwamba kusoma mambo ya afya kulianza na Daktari. Wazazi wa watoto wale walikuwa wamekwisha kupita kwenye kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwa vikundi mbele ya redio, kitabu cha Kiswahili mkononi, wakajifunza malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baba yake mwalimu alikifunika kitabu chake kwa gazeti na kukihifadhi darini. Kwa hiyo mtoto aliporudi na sentensi ya Kiingereza kuhusu mbu au minyoo, nyumbani palikuwa na mtu anayelijua jambo lenyewe hata kama hakuijua lugha. Maarifa yalikuwapo tayari; Kiingereza kilikuja kuyavisha nguo nyingine. Hapo ndipo kozi nyingi za siku hizi zinapokosea: zinampa mtu lugha mpya na jambo geni kwa pamoja, halafu zinashangaa hashiki hata kimoja.

Daktari naye alikuwa na walimu wake. Wazee kutoka makazi ya Katumba, waliokimbia Burundi mwaka 1972, baadhi yao walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa, na walipopita dukani walimtajia majina ya dawa kwa lugha hiyo. Aliyaandika kwenye daftari la madeni. Ukurasa mmoja una sukari kilo mbili za mtu, chini yake neno la Kifaransa la kidonge.

Mwaka huohuo wa 1984 ambao mwalimu anaung'ang'ania, wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti yao kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania, na walichokuta sekondari kiliwatia watu aibu: wanafunzi wengi hawakuielewa lugha waliyokuwa wakifundishiwa. Baadaye vikaja vitabu vyepesi vya hadithi, kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ambacho mwalimu alikisoma chini ya mwembe akakirudisha kikiwa na madoa ya embe. Vilisaidia sana. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini watoto wa Magamba walikuwa wanafika kidato cha kwanza wakijua maneno ambayo mwalimu wao alikuwa bado anayatafuta.

Klorokwini ndiyo iliyokuwa kitabu chao kikuu. Vidonge vinne siku ya kwanza, vinne ya pili, viwili ya tatu, na mwasho wa ngozi ambao uliwafanya wengine wakimbilie mtoni usiku. Daktari aliandika hesabu hiyo kwa Kiingereza kamili kwenye kipande cha karatasi, siku na idadi, na kumtaka mgonjwa au mtoto wake aisome mara moja kila asubuhi kabla ya kumeza. Huo ulikuwa usomaji wa siku tatu mfululizo wenye ushahidi: anayepona amesoma sawasawa.

Agosti 2001 klorokwini ikaondolewa ikaja SP, vidonge vitatu kwa mkupuo, hakuna cha kusoma. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima ndani ya siku 3, na pakiti yenye michoro. Michoro ile imeokoa watu na hakuna mwenye akili atakayeilalamikia. Daktari hakuiona, alikwisha kuzikwa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yakasambaa na kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yakiwa na wauzaji waliopata mafunzo na rafu safi zaidi. Mpanda ikatoka Rukwa ikawa makao makuu ya Katavi mwaka 2012. Sekondari za kata zikaota, simu zikajaa, Korona ikaja na barakoa na vitakasa mikono vyake. Yote hayo yalipita haraka, na katikati yake watu wakaacha kusoma maboksi.

Sababu moja inaonekana kwa macho. Siku hizi mgonjwa halioni boksi. Vidonge vinahesabiwa kwenye kibahasha cha kaki au kijimfuko cha plastiki, juu yake pameandikwa 1x3 kwa peni, basi. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani imekwisha kutupwa. Ukiuliza, unajibiwa "moja kutwa mara tatu" na mtu anayemtazama mteja wa nyuma yako. Jirani na hapo pana bango la kituo kinachoahidi Kiingereza fasaha kwa miezi mitatu, na ndani vijana wanaimba salamu na majina yao. Wanalipa kwa hilo! Wakati mtoto wa kidato cha kwanza, aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, katika silabasi ya biolojia ya mwaka 2005 alikutana na mada ya afya na kinga, yote kwa Kiingereza, katika sura za mwanzo kabisa, akiwa na kozi fupi tu ya kumwandaa.

Mwalimu amerudia mbinu ya Daktari darasani, na hapo ndipo alipoona ukubwa wa tatizo. Aligawa maboksi matupu ya parasetamoli, moja kwa kila kikundi, akawauliza mtu mzima anatakiwa kumeza vidonge vingapi kwa siku. Vikundi vyote isipokuwa kimoja vilijibu haraka: vinane. Mstari wenyewe ulikuwa "Do not exceed 8 tablets in 24 hours." Macho yao yalirukia tarakimu, yakaacha maneno matatu yaliyotangulia. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kupanga na ratiba: vinne asubuhi, vinne jioni. Kwa vidonge vya miligramu 500, vinne kwa mpigo ni dozi ambayo hakuna muuguzi angeikubali.

Hakuwakemea. Aliziba ile nane kwa kidole gumba na kuwaambia wasome upya, waanze na kitenzi. Darasa lilinyamaza, kisha msichana wa kiti cha nyuma akasema polepole kwamba karatasi haiagizi vinane, inakataza kupita vinane. Kutoka hapo mjadala ulikwenda wenyewe: saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini, na kama dawa ya mafua inayouzwa kaunta nayo ina parasetamoli ndani, je, hesabu inakuwaje? Wakatafuta boksi la dawa ya mafua. Imo. Kipindi kikaisha kengele ikiwa imepigwa na hakuna aliyesimama. Wiki zilizofuata waliendelea na pakiti za chumvichumvi za kuhara, wakasoma lita moja ya maji na saa 24 za kuitumia, halafu tarehe za mwisho wa matumizi, na wawili wakarudi na habari kwamba makabati ya nyumbani kwao yana dawa iliyopitwa na wakati.

Kinachomkwamisha sasa ni uhaba wa maboksi. Kwa hiyo wenye maduka ya dawa wa Magamba na Mpanda mjini wanaombwa hivi: boksi likiisha na halina kidonge ndani, lisichomwe wala kutupwa pamoja na karatasi yake. Lipelekwe shule ya sekondari iliyo karibu, likabidhiwe kwa mwalimu wa Kiingereza. Na mgonjwa akiwa dirishani, apewe nafasi ya kulisoma kabla vidonge havijamiminwa kwenye kibahasha.