Chumvi ya Bwawani na Chumvi ya Mtungini

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kulisikia neno linalozungumzwa katika mitaa ya wenye nafasi jijini Dar es Salaam: bwawa la chumvi. Wenye nyumba zilizo na mabwawa ya kuogelea, huko Masaki na Mbezi Beach, husema kwamba wameachana na ndoo za klorini. Sasa humwaga magunia ya chumvi tu, na maji hubaki maangavu mwaka mzima. Habari hii husimuliwa kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba siku zote alikuwa akipunjwa: kumbe chumvi ya dukani yatosha kusafisha maji!

Utaniuliza, sisi tunaoamkia foleni ya bomba na kupanga madumu uani, mabwawa ya kuogelea yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu maneno hayalipi nauli. Neno lililosemwa kando ya bwawa la tajiri husafiri hadi kijijini, na likifika huko huwa limekwisha kudondosha nusu yake njiani. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu huko Tura, na ndiyo maana nimeona si vyema kunyamaza.

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kando ya Reli ya Kati. Msafiri wa leo huipita bila kuifikiria sana. Katika karne ya 19 haikuwa hivyo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipokwisha kuivuka nchi ya Ugogo uliingia Mgunda Mkali, pori lililoogopwa na wote kwa ukosefu wa maji na chakula. Tura ndipo pori hilo lilipokwisha na Unyamwezi ukaanza. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kaze, yaani Tabora ya leo, na Stanley akafuata mwaka 1871. Lakini walioijua thamani ya kata moja ya maji ya Tura kuliko wageni hao ni wapagazi wa Kinyamwezi, waliopita na mizigo mabegani mwaka hata mwaka.

Chumvi nayo ilikuwa bidhaa kubwa ya nchi hizo. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na chemchemi za maji ya chumvi, iliuzwa kote magharibi, na mahali pengine ilipokewa badala ya fedha. Njia za misafara zilibeba maradhi pia. James Christie, daktari aliyeishi Unguja wakati kipindupindu kilipoua maelfu ya watu katika miaka ya 1869 na 1870, alichapisha kitabu mwaka 1876 akieleza jinsi ugonjwa huo ulivyozifuata njia za biashara za Afrika Mashariki. Kwa hiyo maji, chumvi na maradhi ni wasafiri waliojuana tangu zamani.

Huko Tura anaishi shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilikwenda kumjulia hali mwishoni mwa kiangazi, baada ya kupata habari kwamba kitukuu chake, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kuhara. Namshukuru Mungu kwamba nilimkuta mtoto amekwisha kurudi nyumbani, ingawa macho yalikuwa bado yamemwingia ndani na shingo haijapata nguvu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wa huko hawajambo? Karibu, pumzika kwanza unywe maji."

Nikapewa maji katika kikombe cha bati. Yalikuwa na ukungu kidogo, kama yalivyo maji ya visima vya kuchimba kwa mkono. Lakini kilichonishtua ni ladha.

"Shangazi, samahani, maji haya yametoka wapi? Mbona yana chumvi?"

"Yametoka kisimani, palepale pa siku zote. Chumvi nimetia mimi," akajibu bila wasiwasi. "Mjukuu wangu alipokuja likizo alitueleza kwamba bwana wake huko Dar es Salaam ameacha dawa, anasafisha maji kwa chumvi. Nikasema, chumvi hainishindi. Kinachonishinda ni kuni."

Naomba usimcheke, ndugu msomaji. Shangazi yangu si mtu wa kupuuza afya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, alikuwa miongoni mwa watu wazima wapatao milioni mbili nchini waliokaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Naye alichemsha, kwa miaka mingi, bila kusimamiwa na mtu. Lakini miti ya karibu imekwisha, mingine imeishia katika mabani ya kukaushia tumbaku, na magoti yake hayamwezeshi tena kuifuata ya mbali. Alikuwa akitafuta njia ya kumlinda mtoto kwa nguvu alizobakiwa nazo. Alichopewa ni nusu ya habari.

Niliporudi mjini nilimtafuta yule mjukuu, ambaye ni mtunza bustani na bwawa katika nyumba moja. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba alinionyesha mtambo wenyewe, na fundi aliyekuja kuukagua akanieleza utendaji wake. Bwawa lile huchukua lita 50,000. Kiasi cha chumvi kinachotakiwa ni gramu 3 hadi 4 kwa kila lita, maana yake ni kilo 150 hadi 200 kwa bwawa zima. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo ya bwawani hayafikii hata sehemu moja ya nane ya ukali huo.

Pampu huyavuta maji na kuyapitisha katika kisanduku chenye mabamba ya madini ya titani. Mkondo wa umeme hupita kati ya mabamba hayo na kuivunja chumvi iliyoyeyuka. Upande mmoja hutokea klorini. Upande wa pili hutokea gesi ya haidrojeni pamoja na kostiki soda, ile itumiwayo na watengeneza sabuni. Klorini ikichanganyika na soda hiyo majini hupatikana dawa ileile iliyokuwa ikinunuliwa kwa ndoo. Dawa ikishaua vijidudu, au ikipigwa na jua, hurudi kuwa chumvi, na mzunguko huanza upya. Ndiyo sababu chumvi haiishi upesi. Hupungua tu maji yanapomwagika, mvua inapofurisha bwawa au chujio linapooshwa.

Basi mwenye bwawa la chumvi hajaiacha klorini. Amejenga kiwanda chake kidogo cha klorini uani. Nafuu anayo: habebi wala hahifadhi ndoo za dawa kali, na klorini huingia majini kidogo kidogo badala ya kumwagwa kwa mkupuo. Hata hivyo kazi haikuisha. Inampasa apime maji mara kwa mara, klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kiwango cha asidi, yaani pH, kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Mtambo huelekea kuipandisha pH, kwa hiyo huongezwa asidi. Mabamba hushika chokaa, nayo sharti yasafishwe, na baada ya miaka kadhaa huchakaa yakanunuliwa mengine.

Ndipo yule kijana aliposema neno lililonifaa kuliko yote. "Baba mdogo, umeme ukikatika siku kadhaa, chumvi yote imo mle mle, lakini maji hugeuka kijani."

Hilo ndilo fundisho, ndugu msomaji. Bwawa lina magunia manne ya chumvi, na bila umeme uchafu unastawi. Chumvi peke yake haikusafisha kitu. Kinachosafisha ni kile ambacho umeme unakitoa ndani ya chumvi.

Huenda ukasema kwamba wazee wetu walihifadhi samaki kwa chumvi. Ni kweli, lakini samaki wa ng'onda hufunikwa kwa chumvi nyingi mno mpaka unyevu unamtoka, na maji ya namna hiyo hayanyweki. Konzi moja katika mtungi haiui vijidudu vya tumbo. Tena kijidudu cha kipindupindu kwa asili huishi katika maji ya chumvichumvi, pale mito inapokutana na bahari. Chumvi yako kwake ni kama nyumbani.

Liko jambo baya zaidi. Mtoto anayeharisha anapoteza maji mwilini, na akinyweshwa maji ya chumvi isiyo na kipimo anaweza kudhurika zaidi. Chumvi ina nafasi yake katika ugonjwa huo, lakini ni nafasi ya kipimo. Pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini ndiyo bora. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo huku mkienda kwenye zahanati.

Je, ujuzi wa bwawani hauwezi kufika mtungini? Unaweza. Vipo vyombo vidogo vinavyofanya kazi kama ule mtambo, hata kwa umeme wa jua. Kimojawapo, kiitwacho WATA, kilibuniwa na taasisi ya Antenna ya Geneva. Hutumia gramu 25 za chumvi katika lita moja ya maji, na baada ya saa kadhaa hutoa dawa yenye gramu 6 za klorini kwa lita. Lita hiyo moja yaweza kutibu lita 4,000 za maji ya kunywa, sawasawa na kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20. Zahanati au shule yenye mtu aliyefundishwa kupima ingeweza kuhudumia kijiji kwa chumvi ileile iuzwayo gengeni. Lakini kijiko hicho ni cha dawa hiyo tu. Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, mara nyingi ni kali zaidi kwa mara kadhaa, na tena usiichanganye kamwe na asidi wala dawa nyingine ya usafi, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Kwa nyumba ya kawaida, njia nyepesi ni vidonge vya klorini vya kutibu maji. Soma maelezo ya pakiti, kwa sababu vidonge havifanani nguvu. Maji yenye tope yaache yatuame kwanza, kisha yachuje kwa kitambaa safi, maana klorini hupotea bure katika uchafu. Ukishatia dawa ngoja dakika 30. Harufu hafifu inayobaki si kasoro. Ni dalili kwamba mlinzi bado yupo mlangoni. Funika chombo, na usiyateke kwa kikombe kilichoshikwa na mikono ya kila mtu. Na yeyote mwenye kuni au gesi ya kutosha, kuchemsha bado ni njia njema.

Yote haya nilimweleza shangazi kwa simu, nikamtumia vidonge kwa mtu aliyepanda treni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtoto, aliniambia, ameanza kukimbia tena, na maji ya mtungi sasa yananuka kidogo lakini wamezoea. Kisha akaniuliza, kwa upole, swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Vikiisha, mwanangu, nani atatuletea vingine?"

Mwaka 1971 nchi yetu ilijipangia kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika, na lengo halikuwa limetimia. Kazi kubwa imefanyika tangu hapo, hata maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini kwa mabomba. Lakini wako wazee wanaoinama bado juu ya visima vya kuchimba kwa mkono, na jibu la swali la shangazi ni bomba lenye maji yaliyotibiwa.

Hadi siku hiyo ifike, sisi wafanyakazi wa mjini tuna wajibu mdogo tunaoumudu. Tunapofunga mzigo wa kupeleka nyumbani, sukari na kitenge na sabuni, tutie na pakiti ya vidonge vya maji. Na pamoja na pakiti hiyo tupeleke maelezo yaliyokamilika, yasije yakafika nusu kama lile neno la bwawani.